SIHA YA NYUMBANI: Mguu Usiofikiwa na Damu

Mara nyingi twasikia majumbani mwetu kwamba mzee halali usiku. Hukaa ameteremsha mguu kitandani kwa maumivu. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Hapana, ndugu zetu. Huenda mishipa ipelekayo damu miguuni imeziba.

Ugonjwa huu huanza polepole. Mtu akienda mwendo mdogo shavu la mguu humkaza, akisimama hupoa. Ukizidi, maumivu huja hata akilala, na hupungua auning'inizapo mguu. Vidole huwa baridi, na kidonda kidogo hakiponi. Hapo nyama yaweza kufa. Wavutao tumbaku na wenye kisukari ndio walio hatarini zaidi. Na mwenye kisukari huenda asihisi maumivu kabisa.

Haifai kuukanda mguu huo kwa maji ya moto wala makaa, kwani huungua bila ya mwenyewe kujua. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Na mguu ukipoa na kupauka kwa ghafula, msingoje hata saa moja. Daktari hulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu isipofika sehemu 9 katika 10 za ile ya mkono, mishipa imebanwa. Isipofika sehemu 4, ugonjwa ni mkali. Kisukari huikaza mishipa na kukidanganya kipimo hiki, basi hapo hupimwa kidole gumba cha mguu.

Matibabu yapo: kuacha tumbaku, dawa za kuzuia damu isigande na za kupunguza mafuta, kuupanua mshipa kwa kipira kidogo, au kuipitishia damu njia mpya kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, Daktari Charles Dotter alimzibulia mshipa, kwa mrija mwembamba, bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Naye akaendelea kutembea kwa miguu yake. Lakini nyama ikishaoza sana, kukata huokoa roho, wala si aibu.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu. Na kila tutawadhapo twaosha miguu. Basi enyi vijana, mnapowamiminia maji wazee wenu, tazameni nyayo zao na baina ya vidole. Mkiona kidonda, semeni siku ile ile.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.