Mimea ya Musongati Ipimwe Kabla ya Nikeli Kuchimbwa

Nikeli ya Musongati, kule Rutana nchini Burundi, inajulikana tangu miaka ya 1970. Wanajiolojia wamekitoboa kilima kile, wakapima unene wa udongo na wingi wa madini, na sasa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, imepangwa kufika hapo ili mzigo upate njia ya kwenda baharini. Kilichomo chini tunacho kwa tarakimu. Ninachodai ni kwamba kinachoota juu nacho kipewe uzito huo huo: jamii za mimea ya asili zipimwe, zichorwe kwenye ramani, na matokeo yachapishwe kabla tingatinga halijapanda.

Dai hili linatokana na udongo wenyewe. Miamba inayozaa nikeli ya aina hii ina magnesi nyingi na kalsi kidogo, na mimea mingi haiwezi kustawi juu yake. Inayoweza ni ile iliyozoea taabu hiyo kwa vizazi visivyohesabika, na mara nyingi haipatikani kwingine. Cuba na New Caledonia zinajulikana kwa hilo. Majirani zetu wa Katanga wanalijua kupitia shaba. Vilima vya shaba na kobalti kati ya Lubumbashi na Kolwezi vina mamia ya spishi, na kadhaa kati yake hazioti popote pengine duniani. Mmoja wa mimea hiyo, Haumaniastrum katangense, umewaongoza watafuta madini na hata waakiolojia waliotafuta tanuri za kale. Tena uoto wa kilima kimoja hubadilika kadiri shaba inavyozidi au kupungua udongoni: miti pembeni, nyasi fupi kule juu. Ndiyo maana orodha ya majina haitoshi. Huko Fungurume, Katanga, wataalamu wa mimea walikusanya mbegu na kuhamisha udongo wa juu kutoka vilima vilivyokuwa vinachimbwa, na kazi ya namna hiyo haifanyiki bila kujua kwanza nini kinaota wapi. Sidai kwamba Musongati ina hazina kama ya Katanga. Nadai tusiifukue kabla ya kujua.

Wapo watakaosema milima ya Burundi imeshalimwa na kupandwa mikaratusi, hivyo hakuna cha kupima. Lakini mkulima huacha pale ambapo mahindi hayakubali, na udongo wa nikeli ni wa namna hiyo. Mabaki ya uoto wa asili hujificha kwenye mawe na makorongo. Wala hatuanzi gizani: mwaka 1972 Jean Lewalle alichapisha maelezo ya ngazi za uoto za magharibi ya nchi, kutoka tambarare ya Rusizi hadi kilele cha safu ya milima ya Kongo-Nili. Kazi kama hiyo, kwa kipimo cha kilima kimoja, haishindikani.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Anayepanga foleni ya mafuta hapa Bujumbura ana haki ya kuuliza kwa nini dola zisubiri majani. Jibu liko Gakara, kusini kidogo ya jiji hili. Madini adimu ya pale yalianza kusafirishwa mwaka 2017, na mwaka 2021 serikali ikasimamisha kazi kwa kutoridhika na mgawanyo wa mapato. Mgogoro ulikuwa wa mkataba, si wa mimea. Nikeli imengoja nusu karne. Mwaka mmoja wa kupima uoto hauwezi kulaumiwa kwa ucheleweshaji huo.

Mwaka mmoja, kwa sababu ziara ya wiki mbili wakati wa kiangazi haioni mimea ambayo viazi vyake hulala ardhini hadi mvua za Septemba na Oktoba. Sheria yetu tayari inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na wengine watasema hiyo inatosha. Itatosha ikiwa itataja misimu yote miwili, viwanja vya kupimia vilivyowekwa alama na kurudiwa, na vielelezo vilivyokaushwa na kutunzwa Chuo Kikuu cha Burundi, ambako yeyote anaweza kuvikagua. Gharama ilipwe na kampuni, lakini fedha zipitie OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, ili mpimaji asiwe mwajiriwa wa anayetaka kibali.