MWENYE JINA NDIYE MWENYE DUKA

Wako wasomaji watakaotuuliza: gazeti la Chama lina haja gani na mikoba ya mabibi matajiri? Mkulima analia na bei ya pamba, nanyi mwatuandikia habari za mkoba mmoja ambao kwa bei yake mtu aweza kuezeka nyumba yake bati! Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba pamba na ngozi zikitoka kwetu huuzwa kwa kilo, na zikiisha kuwa shati au mkoba huuzwa kwa jina. Juu ya kilo tumepigana miaka mingi, na vyama vyetu vingi vya ushirika vilizaliwa katika vita hivyo. Juu ya jina bado tumelala, na huko kwenye jina ndiko fedha ziliko.

Basi leo twapenda kuwapeleka wasomaji wetu Japani, wakaone jinsi mwenye jina anavyoingia nchi ya watu na kufanya biashara bila ya kumwachia mtu mwingine ufunguo wa duka.

Mwaka 1854 fundi mmoja wa masanduku ya safari, Louis Vuitton, alifungua duka lake mjini Paris. Alikuwa mtoto wa shamba, na habari zake zasema kwamba alitoka kwao kwenda mjini kwa miguu. Masanduku yake yalipendwa, na yalipopendwa yakaanza kuigwa. Mwaka 1888 ukatoka mtindo wa miraba, na juu ya miraba hiyo yaliandikwa maneno ya kumjulisha kila mtu kwamba alama hii imekwisha andikishwa serikalini. Mwaka 1896 mwanawe, Georges, akachora ile alama ya herufi L na V pamoja na maua, ambayo hata mtoto wa Kariakoo huitambua leo, ijapokuwa aliyoiona pengine ni ya bandia. Kampuni hiyo haikufungua duka Japani mpaka mwaka 1978. Maana yake ni kwamba walikuwa wamelilinda jina lao miaka tisini kabla ya kwenda kuliuza huko.

Na nini kiliwapeleka? Mpaka mwaka 1964 Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa kusafiri ng'ambo kwa matembezi tu. Mlango ulipofunguliwa, na fedha yao ya yen ilipoanza kupanda baada ya mwaka 1971, Wajapani walimiminika Ulaya. Mjini Paris walisimama foleni nje ya duka la Vuitton. Lakini si wote waliosimama pale walikuwa wasafiri. Wengine walikuwa wametumwa na walanguzi wanunue mikoba, ipelekwe Tokyo, ikauzwe kwa bei iliyozidi ile ya Paris mara kadhaa. Katika nyongeza hiyo yote mwenye jina hakupata hata senti. Na mnunuzi wa Tokyo naye aliumia, kwani alilipa fedha nyingi kwa mkoba asiojua kama ni wa kweli, na kamba yake ikikatika hakuwa na mtu wa kumwendea.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Kyojiro Hata, Mjapani aliyekuwa na kazi ya kuyashauri makampuni juu ya hesabu na uendeshaji wa shughuli zao. Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: kampuni ya kigeni ikitaka kuuza Japani humtafuta wakala mwenyeji, humpa haki yote ya kuingiza bidhaa, naye hupanga bei apendavyo, huchagua maduka, huandika matangazo, na hutoa picha yoyote ya bidhaa ile katika macho ya watu. Mwenye jina hukaa kwao akingoja hundi. Bwana Hata alikataa njia hii. Shauri lake lilikuwa la mikataba miwili. Kwa mkataba wa kwanza, maduka makubwa ya ghorofa ya Tokyo na Osaka yanunue bidhaa moja kwa moja kutoka Paris, bila ya wakala katikati. Kwa mkataba wa pili, sehemu ya Vuitton ndani ya maduka hayo iendeshwe kwa amri ya Vuitton wenyewe: jinsi ya kupanga mali, jinsi ya kuwafundisha wauzaji, jinsi ya kutangaza, na kwa kazi hiyo Vuitton walipwe ada yao mbali.

Hebu tukae kidogo juu ya jambo hili, maana ndimo ulimo ujanja wote. Mwenye duka la ghorofa alitoa nafasi, alitoa fedha za kununua mali, alibeba hasara ya mali isiyouzika. Mwenye jina alitoa jina na masharti. Na bado mwenye duka alifurahi! Mwaka 1978 maduka ya kwanza yalifunguliwa, na Bwana Hata akawekwa kuwa msimamizi. Mwaka 1981 Vuitton wakasajili kampuni yao wenyewe ya Japani na kufungua duka lao katika mtaa wa Ginza. Kidole kwanza, kisha mkono mzima.

Bei nayo ilifungwa kamba moja na bei ya Paris. Mkoba wa Tokyo uliruhusiwa kuzidi ule wa Paris kwa gharama ya kuusafirisha, ushuru na faida ya kiasi. Na yen ilipopanda, bei za Tokyo zilishushwa. Mtu aweza kudhani huu ni ukarimu. La, hasha! Ilikuwa njia ya kumnyima chakula mlanguzi, kwani mlanguzi huishi katika pengo la bei mbili, na pengo likizibwa hana pa kuweka mguu. Wala bidhaa hazikuuzwa kwa bei ya kutupa mwisho wa msimu. Wakaweka na mafundi wa kutengeneza mkoba ulioharibika, hata mtu akajua kwamba alichonunua kina wenyewe. Twasema wazi kwamba hatumsifu Mfaransa. Alikwenda kuchukua fedha za Wajapani na alizichukua: mwanzoni mwa karne hii karibu theluthi moja ya mauzo yote ya Vuitton ilitoka Japani, na duka lao la Omotesando lilipofunguliwa Septemba 2002 watu walipanga foleni kama wanaogawiwa chakula cha njaa. Tunachosema ni kwamba alijua anachokilinda.

Sasa tazameni upande wa pili. Kampuni ya Burberry ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1856, ilishika njia ya leseni. Mwaka 1970 kampuni ya Kijapani iitwayo Sanyo Shokai ilipewa haki ya kushona na kuuza nguo za Burberry ndani ya Japani. Wajapani hawa walifanya kazi kwa bidii. Walishona kwa vipimo vya watu wao, wakapanga bei za watu wao, na mwaka 1996 wakatoa aina mpya ya nguo za wasichana, Blue Label. Mwaka uliofuata mwimbaji Namie Amuro alipotangaza ndoa yake alikuwa amevaa sketi yao ya miraba, na wasichana wakaigombea madukani mpaka ikaisha. Nani aliyeikuza Burberry ya Japani? Ni mikono ya Wajapani, na mauzo ya jina lile yakawa uti wa mgongo wa kampuni yao.

Lakini jina halikuwa lao. London iliona kwamba Burberry ya Tokyo si Burberry ya London: nguo mbali, bei mbali, wanunuzi mbali. Ikaamua kulirudisha jina nyumbani. Leseni ilikwisha Juni 2015, na Burberry wakaendelea na maduka yao wenyewe. Sanyo Shokai, baada ya miaka 45 ya kulima shamba la mwenziwe, ikabaki na jembe. Ikaingia katika hasara, na wafanyakazi mamia wakatakiwa waondoke kwa kile kinachoitwa hiari. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo katika mkataba. Hapo ndipo moyo wetu unapotuuma, kwa kuwa twawajua vijana wetu wengi ambao wangekimbilia kutia sahihi mkataba wa namna hiyo na kufanya karamu jioni yake.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mataifa makubwa, na sisi hatuna historia nayo. Si kweli. Watu wa pwani waliyajua zamani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo watu hulijua kwa jina la Mali ya Abdulla, lilikuwa likiagiza kanga kutoka viwanda vya ng'ambo, na baada ya Vita Kuu ya Pili nyingi zilichapwa huko huko Japani. Mashine zilikuwa za Wajapani, lakini mitindo na misemo ilitoka Mombasa kwa watu waliojua mwanamke wa Kiswahili atacheka nini na atamchoma mke mwenziwe kwa neno gani. Na pembeni mwa kanga hakikuandikwa kiwanda cha Japani. Liliandikwa jina la duka la Mombasa. Kiwanda kingeweza kubadilishwa na kweli kilibadilishwa, Ulaya leo, Japani kesho, Bara Hindi kesho kutwa. Jina pindoni mwa kanga lilibaki pale pale.

Wako pia watakaosema kwamba mnunuzi ana nguvu zake. Ni kweli, kama ni mnunuzi tajiri. Novemba 2018 kampuni ya Dolce & Gabbana ya Italia ilitoa sinema fupi za kutangaza maonyesho yake ya Shanghai, zikimwonyesha msichana wa Kichina akihangaika kula piza na tambi kwa vijiti. Wachina waliona wamedharauliwa. Maonyesho yaliyokuwa yafanyike tarehe 21 yalivunjwa siku ile ile, maduka makubwa ya mtandao ya China yakaondoa bidhaa za kampuni hiyo, na baada ya siku mbili wenye kampuni wakajitokeza kuomba radhi, mpaka kwa maneno ya Kichina. Tulifurahi kuliona hilo. Lakini tusijidanganye. Waliombwa radhi Wachina kwa kuwa kampuni zote za anasa hutegemea mifuko yao. Sisi tukisusa mkoba wa Dolce & Gabbana, nani Milano atakosa usingizi?

Kwa hiyo ngao yetu si ununuzi. Ngao yetu ni jina na sheria, na hapa tumekwisha onywa zaidi ya mara moja. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka ombi katika ofisi ya alama za biashara ya huko, itake neno «kikoy» liwe mali yake. Kikoi! Nguo ambayo babu wa babu wa mvuvi wa Lamu alijifunga! Kama ombi lingepita, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angelazimika kutafuta jina jingine au kuomba ruhusa. Ahsante kwa Wakenya na rafiki zao wa Uingereza waliosimama kupinga, na mwaka 2008 ombi hilo likafa. Lakini baada ya vita vya vikoi kwisha, katika onyesho la Paris la Juni 2011 Vuitton hao hao walitembeza nguo za wanaume zenye miraba ya shuka la Kimasai, kwa msimu wa 2012. Msanii wao, Kim Jones, aliishi Kenya utotoni, wala hakuficha alikoyatoa. Tukiri pia kwamba shuka lenyewe halikuanzia manyattani. Ni nguo ya kiwandani iliyochukua nafasi ya ngozi. Lakini ni Mmasai aliyeifanya itambulike duniani, kama Sanyo walivyoifanya Burberry ya Japani itambulike, na kama wao hana karatasi.

Kenya ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni. Ni hatua njema, na nchi ambazo hazijafanya hivyo zina la kujibu. Lakini sheria hailindi kwa urahisi jina ambalo halikupelekwa kuandikishwa, wala alama iliyoandikishwa Nairobi au Dar es Salaam hailindwi Tokyo kwa sababu hiyo tu; huandikishwa nchi kwa nchi, au kwa maombi ya pamoja yanayotaja kila nchi. Kazi hiyo ina ada, na fundi mmoja wa cherehani haiwezi. Chama cha ushirika chaweza.

Twavitaka basi vyama vya ushirika vya wafumaji, washonaji na watengenezaji wa ngozi viweke katika ajenda ya mkutano mkuu unaokuja jambo moja tu: jina letu ni lipi, limeandikishwa wapi, na kwa jina la nani. Na wale ambao tayari wana barua za wakala wa ng'ambo mezani, wanaosifiwa kwa ufundi wao na kuahidiwa maduka ya Ulaya na Ghuba, wapekue kwanza kifungu kinachotaja jina litakaloshonwa kwenye nguo, wakisome kabla ya kifungu cha bei, na kama hakimo, wamuulize wakala kwa nini amekisahau.