NAMBA YANGU KWENYE SIMU YAKO NI AMANA



Ndugu zangu, Ijumaa tatu mfululizo nilimkosa ndugu yetu mmoja wa safu ya pili. Nilidhani yuko shamba, maana msimu wa mahindi nusu ya Songea inahamia huko. Kumbe yupo hapa hapa mjini, anaswali nyumbani kwa aibu. (Nimemwomba idhini kabla ya kuandika haya, amenipa.)

Aibu yenyewe ilinifikia hata mimi. Meseji kutoka namba nisiyoijua: fulani ni tapeli, amekula pesa zetu, na wewe ndiye mdhamini wake, mwambie alipe leo kabla ya saa kumi. Chini yake picha yake ameshika kitambulisho. Sikumdhamini wala sikuulizwa. Nilikuwa tu kwenye simu yake kwa jina la "Sheikh Msikitini". Meseji hiyo hiyo ilikwenda kwa mama mkwe wake, kwa mwalimu wa mtoto wake, na kwa waumini wengi tu.

Nikamfuata nyumbani baada ya Isha. "Sheikh, niliomba 50,000 ya matibabu ya mtoto. Wakanipa 35,000, na baada ya siku saba wanataka 50,000 kamili." Nikamuuliza, namba zetu walizipataje? "Wakati naifungua ile programu, simu iliniuliza kama mara nne hivi kama naruhusu. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtoto alikuwa anachemka homa, Sheikh."

Riba nimeisema sana kwenye mimbari, leo siirudii. Leo nataka hiyo ndiyo, ndiyo.

Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila idhini na salamu. Aya ya 58 inakwenda ndani zaidi: hata watoto wa humo humo ndani wapige hodi nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, mchana mtu anapojipumzisha, na baada ya Isha. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu alichungulia tunduni chumbani kwa Mtume (S.A.W), naye akalikemea vikali na kueleza kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Fikirini hapo. Yule hakuingiza hata mguu. Basi programu inayopekua picha zako, meseji zako na namba zako imeingia ndani kuliko yule wa tunduni.

Mtaniambia, Sheikh, hao waliomba ruhusa wakapewa. Kweli. Lakini aliyewapa alikuwa na haki ya kutoa kilicho chake. Namba yangu si mali yake, niliiweka kwake kama amana. Picha ya harusi aliyokutumia dada yako, kichwa wazi, kwa kuwa wewe ni kaka yake, ni amana. Ukibonyeza ndiyo, umewafungulia wageni nyumba za watu mia tatu na hukumuuliza hata mmoja. Simu umenunua wewe, lakini waliomo ndani ni wengi.

Na sisi wengine tuna dhambi yetu. Meseji ile ilirushwa kwenye grupu la msikiti na muumini mwenzetu, watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Amewafanyia wakopeshaji kazi yao, tena bure. Nimemwambia aifute na amwendee mwenzake amtake radhi. Kufuta amefuta. Kumwendea bado, na anasoma hapa.

Msidhani ni jambo la mtu mmoja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Google nao, tangu tarehe 31 Mei 2023, wamezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lao kugusa picha na namba za watu. Kwa hiyo ukiletewa programu ya mkopo kwa linki ya WhatsApp, jiulize kwa nini haikupita mlango mkubwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Hata wewe uliyetumiwa meseji, namba yako imechukuliwa. Ihifadhi iwe ushahidi, usiirushe kwa mtu.

Leo hii ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu, kisha ruhusa zake. Tochi inataka namba za watu za nini? Zima. Kuiondoa programu hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa, ila kunafunga mlango. Kwa fundi simu, toa memori kadi na ukae pale kwenye benchi mpaka amalize. Picha uliyofuta, kwenye simu nyingi, bado iko kwenye kapu la taka kwa wiki kadhaa, ifute na huko. Na picha za chumbani za mume na mke, rai yangu msizipige kabisa. Mtaniita mshamba, sawa.

Zile 35,000 alizopokea ni deni, na atalilipa. Ijumaa hii nitampitia kwake saa sita tuje pamoja. Mtakaomwona, msalimieni kama siku zote, msimuulize kitu.

Wabillahi tawfiq.