Jamini Roy Hakuwa Mwigaji

Wako wenzetu katika kazi hii ya ualimu ambao, wakionyeshwa picha za Jamini Roy wa Bengal, hutoa hukumu moja: ni nzuri, lakini ni sanaa ya kienyeji tu, mchoraji ameiga. Ajabu ni kwamba kuku wa kienyeji tunamsifu kwa utamu na kumnunua kwa bei kubwa, lakini mchoro ukiitwa wa kienyeji tayari umetukanwa. Sisi tunaipinga hukumu hiyo, kwa sababu wanaoitoa ndio hao hao wanaosahihisha tungo za wanafunzi wetu.

Tuitazame kwanza picha yenyewe. Katika Ganesh Janani, yaani Mama wa Ganesha, mada ambayo Roy aliichora zaidi ya mara moja, Parvati amempakata mwanawe mwenye kichwa cha tembo. Hakuna kivuli wala mandhari ya mbali yenye kulipoteza jicho. Kuna mstari mnene uliopigwa kwa mkono usiositasita, rangi chache zilizolala bapa, na macho marefu yenye umbo la lozi. Uungu na umama vimebebwa na mstari huo peke yake.

Wengi wetu tulimjua Ganesha kwa kalenda zilizotundikwa katika maduka ya Wahindi: mwili unang'aa, dhahabu inameta, na kila kidole kina kivuli chake. Tukadhani hiyo ndiyo mila ya kale ya Kihindu. Kumbe uchoraji wa namna hiyo una deni kubwa kwa rangi za mafuta za Ulaya. Raja Ravi Varma (1848-1906) aliifuata njia hiyo kwa ustadi mkubwa, kisha akaanzisha kiwanda cha kuchapa mwaka 1894, na picha zake za miungu zikaingia majumbani kote India. Mbona yeye hatumwiti mwigaji?

Roy alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Beliatore, wilaya ya Bankura. Alisoma katika chuo cha sanaa cha serikali mjini Calcutta, akafuzu namna ya Kizungu, akajipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Kivuli alikijua vyema. Alikiacha kwa hiari yake. Katika miaka ya 1920 aligeukia kazi za mapatua, wachoraji wa ukoo waliokuwa wakiwauzia mahujaji picha za bei nafuu, zilizochorwa upesi upesi, karibu na hekalu la Kalighat. Biashara yao ilikuwa imeuawa na picha za mashine. Kisha akarudi nyuma zaidi, hadi kwa wachoraji wa vijijini kwao Bankura. Akaacha turubai na rangi za mafuta. Akashika udongo, chokaa, masizi na gundi ya kokwa za ukwaju. Mara nyingine alichora juu ya mkeka. Mtu aliyetupa mtaji wote wa elimu yake ili aanze upya ukubwani, huyo tumwite mvivu wa kubuni?

Shtaka la pili ni kwamba alitoa nakala nyingi, akisaidiwa na jamaa zake, na kuziuza kwa bei ndogo. Ipi basi ni ya asili? Swali hilo ni la dalali. Hatusemi kila nakala ina uhai. Nyingine zimechoka, na jicho huona. Lakini Roy alitaka picha ifike katika nyumba ya mtu wa kawaida, kama ya patua ilivyofika. Alifariki mwaka 1972, na mwaka 1976 serikali ya India ikazitangaza kazi zake kuwa hazina ya taifa zisizoruhusiwa kuuzwa nje ya nchi. Picha zilizokusudiwa kuenea kama chumvi zikawa vitu vya kulindwa na sheria.

Sasa turudi darasani. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, hakubuni mizani nane, wala kina cha mwisho kinachofunga kila ubeti. Alivikuta. Alichokileta ni sauti ya mama anayeumwa akimuusia bintiye, na hakuna mwalimu anayethubutu kusema kwamba aliiga. Lakini mwanafunzi wa leo akileta beti ishirini zilizotimia vina na mizani, utaona pembeni kwa wino mwekundu: "Hukubuni." Mwenzake akikata mistari ovyo bila kujua anachokikataa, anasifiwa kwa upya. Hatuna ugomvi na shairi huru. Aliyeijua arudhi ana haki ya kuiacha, kama Roy alivyokiacha kivuli. Tunachokidai ni kwamba karatasi zenye maneno hayo pembeni zirudishwe mezani, zisomwe ubeti kwa ubeti, na alama zitolewe upya.