Zimwi la chaki

KIBARAZANI KIMANDOLU
Na Elia Mollel

Umeme ulipokatika Jumanne usiku hapa Kimandolu, mjukuu wangu aliwasha tochi ya simu, akakunja vidole mbele yake. Ukutani akaibuka fisi. Mdogo wake alikuwa akiviona vidole vile waziwazi, lakini alikimbilia kwenye kitenge cha bibi yake.

Nikaikumbuka Fantasmagorie ya Mfaransa Émile Cohl, ya mwaka 1908, ambayo wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya katuni iliyochorwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Jina lake linatokana na maonyesho ya kale ya Ulaya, watu walipolipa kiingilio waone mizimu ikitokezwa kwa taa gizani. Cohl alichora picha kama 700 kwa wino mweusi, kisha akageuza rangi wakati wa kusafisha filamu: mistari ikawa myeupe, nyuma kukawa giza. Aliiga chaki, ambayo J. Stuart Blackton wa Marekani alikuwa ameitumia kweli ubaoni mwaka 1906.

Filamu yenyewe haizidi dakika mbili. Chupa inageuka ua. Kikaragosi kinaanguka, kichwa kinabanduka, mikono ya mchoraji inaingia kukigundisha. Hakuna kitu unachoweza kukiamini kwamba kitabaki kilivyo, na hapo ndipo penye mzimu.

Sasa niambieni, nani anajua kugeuza vitu kuliko bibi zetu katika hadithi zao? Bwana harusi mtanashati, kumbe zimwi, ana mdomo wa pili kisogoni chini ya nywele. Huo ni mstari mmoja tu wa chaki!

Jirani zetu wameshaanza kuzichora hadithi kama hizo. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o wa Kenya alitoa The Legend of Ngong Hills, katuni ya zimwi aliyempenda binti wa Kimaasai. Si hadithi ya mbali: Maa, lugha ya Wamaasai, inazungumzwa na Waarusha wetu pia, chini ya Mlima Meru huu huu.

Vijana hunijibu kwamba wanangoja kompyuta yenye nguvu. Cohl hakuwa nayo. Chora ubaoni, piga picha kwa simu, futa kidogo, chora tena. Picha 12 zinatosha sekunde moja. Bibi yako bado yupo na hadithi anazo. Mkalishe leo jioni asimulie, nawe uanze na ule mdomo wa kisogoni.