Hisa za Aliye Ughaibuni: Uwakala Hukoma kwa Mauti

Wapo ndugu zetu Oman na Uingereza wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998. Humwachia kaka au ami aliye nyumbani awasiliane na dalali wa hisa kwa niaba yao. Huo ni uwakala, na kisharia unajuzu.

Mtihani huja mwenye hisa anapofariki. Uwakala hukoma papo hapo. Hisa na magawio yake huwa mirathi, na hugawiwa baada ya madeni na wasia, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12. Wakala akiendelea kuuza, hata kwa nia njema, anagusa haki ya mjane na mayatima.

Tunanasihi: andikeni akaunti zenu na jina la dalali katika wasia. Msiba ukitokea Unguja au Pemba, familia iende kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wallahu a'lam.