Sampuli ya gitaa la Katanga: nani analipwa?

Mjini Kolwezi neno sampuli halihitaji kufafanuliwa. Mchimbaji mdogo anayefika na mifuko yake katika soko la madini la Musompo husubiri mawe yake yapimwe kwa mashine ya mnunuzi, na ugomvi huanzia hapo: kobalti ni asilimia ngapi, na nani ameisoma mashine. Kwa watayarishaji wa hip-hop neno hilohilo lina maana nyingine. Sampuli ni kipande cha sekunde chache kinachokatwa kutoka kwenye wimbo wa zamani, kikazungushwa tena na tena, kikawekewa ngoma nzito chini, na juu yake kijana akachana mistari yake. Tofauti ni kwamba huku kwenye muziki mwenye jiwe mara nyingi hayupo sokoni.

Mbinu hiyo ilianzia New York miaka ya 1970, pale madiskojoki walipotumia sahani mbili za santuri kurefusha kipande cha ngoma ambacho watu walikipenda. Kwa miaka mingi wengi walikata bila kuuliza. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan wa mwaka 1972 bila ruhusa, na tangu hapo kampuni kubwa za muziki haziachii albamu kabla sampuli zake hazijalipiwa. Kwenye kompyuta ya kijana wa Lubumbashi au Kolwezi hakuna mwanasheria wa kampuni anayemsubiri. Anapakua, anakata, anapandisha wimbo mtandaoni usiku huohuo.

Na mali ya kukata ipo, tena nyumbani. Mtayarishaji hutafuta mahali ambapo chombo kinalia peke yake, bila sauti ya mtu na bila ngoma, kwa sababu hapo ndipo mkasi unapita safi. Gitaa kavu la Katanga la miaka ya 1950 limejaa sehemu hizo. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinapiga melodia, na mpigaji mmoja anatosha kuwa bendi nzima. Bingwa wake, Mwenda Jean Bosco, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya zamani ya mfalme Msiri, ambayo leo yamo ndani ya mkoa wa Lualaba. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi kutoka Afrika Kusini, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wimbo wake Masanga ukatoka kwenye santuri za Gallotone. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, akafanya kazi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwake.

Sasa tuseme kijana wa Kolwezi anataka kukata Masanga, na anataka kufanya kwa haki. Abishe hodi wapi?

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya utunzi: melodia na maneno. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa siku ile. Haki ya rekodi katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 tangu itolewe. Ya utunzi huhesabiwa tangu kifo cha mtunzi, na sheria ya Kongo ya Aprili 5, 1986 inatoa miaka 50. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Kwa hiyo nchini mwake utunzi wake unalindwa hadi 2040, wakati rekodi za enzi za Tracey katika nchi zenye kipimo cha miaka 50 zimekwisha kuwa huru zamani. Haki ya familia, kwa maandishi, ina umri mrefu kuliko ya kampuni, isipokuwa pale mtunzi alipoiuza kwa mkataba.

Lakini haki bila mkusanyaji ni karatasi tu. SOCODA, shirika la hakimiliki lililochukua nafasi ya SONECA, lina makao yake Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kolwezi, na wasanii wa Kongo wamelalamikia malipo yake kwa miaka mingi. Rekodi za Tracey, kwa upande wake, zina mlango unaofunguka: maktaba ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954, iliyoko leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2016 mradi wa Beating Heart ulikubaliana na ILAM, na watayarishaji wa Ulaya wakapata kutengeneza midundo mipya kwa rekodi alizofanya Tracey nchini Malawi, mapato yakielekezwa kwenye msaada huko huko Malawi. Ni mfano wa heshima. Ila unaonyesha pia kwamba mwenye barua pepe na mwanasheria ndiye anayejua pa kuomba.

Familia za watunzi zinaweza kushinda? Warithi wa Solomon Linda, aliyerekodi Mbube kwa Gallo mwaka 1939, walifikia makubaliano mwaka 2006 baada ya kuishtaki Disney. Waliegemea sheria ya Uingereza ya 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Njia hiyo haipo. Manu Dibango naye alisuluhishwa na Michael Jackson nje ya mahakama kuhusu Soul Makossa, lakini Dibango alikuwa hai, maarufu, na anaishi Paris.

Kuna njia ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifaa Lualaba zaidi: kupiga upya badala ya kukata. Baloji, rapa mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alipotaka kuujibu wimbo Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé wa mwaka 1960, aliupiga upya na wanamuziki wa Kinshasa na kuuita Siku ya Baadaye. Ukipiga upya, haki ya rekodi haikuhusu. Unabaki na deni la utunzi peke yake. Na fedha ya studio inaingia mfukoni mwa mpiga gitaa aliye hai, si kwa mwenye faili. Wazee wanaojua mtindo wa vidole viwili bado wapo, na hawatakuwapo daima.

Anayekata kimyakimya ana hatari nyingine asiyoiona. YouTube hulinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa kwake, na kampuni iliyosajili rekodi ya zamani inaweza kuchukua mapato ya matangazo ya wimbo mpya. Mjukuu wa Katanga atakuwa amefanya kazi, kampuni ya mbali imelipwa, na nyumba ya mtunzi haijaona hata faranga.

Kanuni ya madini ya 2018 inasema wazi mrabaha unavyogawanywa: serikali kuu asilimia 50, mkoa 25, maeneo ya uchimbaji 15, mfuko wa vizazi vijavyo 10. Watu wa Kolwezi wanazijua tarakimu hizo na wanazidai. Kwa muziki, kinachohitajika kwanza ni kidogo zaidi: daftari la watunzi wa Katanga na warithi wao, ofisi ya SOCODA inayojibu simu mkoani, na jina la Mwenda likiandikwa chini ya kila wimbo unaomkopa. Imebaki miaka michache kabla ya 2040.